Daftari la safari: nilichojifunza nikiwa katibu wa tawi la mashabiki wa Simba

Asubuhi ya Jumamosi, Machi 8, 2025, tulikuwa watu 28 pembeni ya stendi ya Msamvu, Morogoro. Tumevaa nyekundu na nyeupe, ngoma iko kwenye buti, Kosta inaunguruma, na hakuna aliyejua kama mechi ipo au haipo. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba ilikuwa imetoa taarifa kwamba haitacheza na Yanga, ikieleza kuwa ilizuiwa kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi ya mwisho, ambayo kwa kanuni ni haki ya timu mgeni. Wenzetu wa Jangwani, yaani Yanga, nao walisema wao wanakwenda uwanjani kama kawaida.

Mimi ndiye katibu wa tawi. Daftari lenye majina lilikuwa kwapani kwangu, na shilingi 840,000 za watu zilikuwa zimepita mikononi mwangu: 30,000 kwa kila kichwa. Kosta tulikubaliana 700,000 kwenda na kurudi, na 500,000 nilishazilipa siku tatu nyuma kama advansi. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, mimi na mwenye gari, tukiwa tumesimama gereji.

Dada mmoja anayeuza vitumbua sokoni akaniuliza mbele ya wote, "Katibu, tusisubiri kwanza mpaka saa sita tujue moja?" Lilikuwa swali la maana kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Nikamjibu kuwa hizi ni vita za kisaikolojia, derby haiwezi kuahirishwa siku yenyewe, na nikamalizia kwa maneno ambayo yamenigharimu: "Twendeni, nawajibika mimi."

Tukapita Mikese, tukapita Chalinze tukiimba. Tulikuwa tunaikaribia Mlandizi mchana wakati simu zilipoanza kuita kwa pamoja. Bodi ya Ligi imeahirisha mchezo. Dereva akasogea pembeni ya barabara, akazima gari, na kwa dakika nzima nilisikia feni ya injini tu. Kisha mtu wa kiti cha nyuma akauliza kwa upole kabisa, bila hasira, "Katibu, sasa inakuwaje?"

Ilivyokuwa ni hivi. Mwenye gari alidai 200,000 zake zilizobaki, na sina cha kumlaumu, maana gari lilitembea na mafuta yaliungua. Maji, ngoma iliyokodishwa na posho ya dereva vilikula 95,000. Sandukuni zikabaki 45,000 za kugawana watu 28. Na kwa kuwa nilishasema mbele yao kwamba nawajibika, nilikaa na mwenyekiti tukakubaliana nimrudishie kila mmoja nusu ya pesa yake, 15,000, kutoka mfukoni kwangu kidogo kidogo. Watu 27 mara 15,000 ni 405,000. Mimi ni fundi wa viatu. Nililipa hadi Julai.

Naandika haya kwa ajili ya mwenzangu yeyote aliyepewa daftari la tawi, liwe la Simba, Yanga, Coastal Union au timu ya mtaa. Unapopokea pesa ya kwanza ya mwenzako, ushabiki wako unageuka dhamana. Wa kwenye viti wanaweza kubashiri na kukosea bila hasara. Wewe ukibashiri, unabashiri kwa pesa ya vitumbua.

Somo la gari ni rahisi kulieleza. Andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari, mistari mitatu inatosha: advansi ni kiasi gani, mechi ikiahirishwa kabla ya gari kuondoka kinarudi kiasi gani, na ikiahirishwa njiani mnalipa umbali gani. Sainini wote wawili, na awepo shahidi. Wenye magari wengi hawakatai ukiwaambia mapema. Wanakataa ukiwaambia baada. Na usilipe zaidi ya theluthi moja kabla ya siku yenyewe.

Ningekuwa nimejifunza hapo, ningekomea hapo. Lakini Mnyama, Simba yetu, akaanza kushinda Afrika.

Aprili ile sitaisahau. Robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika tulipigwa 2-0 na Al Masry kule Misri, tukarudi Kwa Mkapa tukawapiga 2-0 na kuwatoa kwa penalti. Nusu fainali tukaifunga Stellenbosch ya Afrika Kusini 1-0 kwa faulo ya Jean Charles Ahoua, kisha Aprili 27 tukatoka 0-0 Durban. Fainali! Kwenye tawi letu yupo mzee tunayemwita Babu, aliyekuwepo uwanjani mwaka 1993 Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF (shirikisho la soka la Afrika) na kufungwa 2-0 nyumbani na Stella ya Abidjan baada ya sare ya 0-0 ugenini. Alikuwa kijana mwenye nguvu zake siku ile. Filimbi ya mwisho ya Durban ilipolia alinyanyuka kwenye benchi la kibanda umiza, banda tunaloonea mpira, akatoa elfu 20 iliyokunjwa mara nne, akaniwekea kiganjani. "Niandike wa kwanza," akasema. Sikuwa hata nimetangaza safari.

Ndani ya siku nne nilikuwa na majina 28 tena na 560,000. Nikalipa advansi ya 300,000 kwa mwenye Kosta mwingine, safari hii kwa maandishi. Niliona nimekomaa. Kwenye karatasi niliandika habari ya mechi kuahirishwa. Sikuandika habari ya mechi kuhama uwanja.

Na dalili zilikuwa wazi kabisa. Ile nusu fainali dhidi ya Stellenbosch hatukuichezea Dar es Salaam, tuliichezea Amaan, Zanzibar, kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea pale Mkapa. Mtu mwenye macho angejiuliza: nyasi zilizokataliwa Aprili, na mvua za masika zinanyesha, zitakuwa tayari Mei? Sikujiuliza. Nilikuwa na kauli mbiu yetu masikioni, Kwa Mkapa hatoki mtu, na kauli mbiu ikikaa sana masikioni inazuia mengine kuingia. Siku chache kabla ya fainali CAF ikathibitisha: mechi ya marudiano ya Mei 25 itachezwa Amaan. Kutoka uwanja wa watu 60,000 hadi wa watu elfu 15 hivi, na bahari katikati.

Kabla ya kuendelea na pesa nizungumze mpira, maana hapa ndipo kijiwe chetu kiligawanyika, na bado naamini nilikuwa sahihi.

Mechi ya kwanza ya fainali, dhidi ya RS Berkane ya Morocco, ilikuwa Mei 17 mjini Berkane. Dakika ya 8 tumefungwa, dakika ya 14 tumefungwa tena, ikaisha 2-0. Pale kibandani wengi walisema haina shida, Al Masry tuliwafuta hizo hizo mbili. Mimi nikawakumbusha kitu ambacho watu walikuwa wamekisahau: mwaka 2022, kwenye makundi, tulikwenda mji huo huo wa Berkane tukafungwa hizo hizo 2-0. Tuliporudi nyumbani, na mashabiki wetu wakiwepo, tulipata moja tu, ya Pape Ousmane Sakho. Timu ile si ya kufungwa mabao mengi popote. Ina nidhamu, inajua kukaa nyuma na kula muda, na ilishalichukua kombe hilo mwaka 2020 na 2022.

Hoja yangu ni kwamba mechi zetu za Afrika huwa tunazipoteza ugenini, tena mapema, halafu tunamlilia mwamuzi wa nyumbani. Msimu wa 2018/19 tulipigwa 5-0 na AS Vita kule Kinshasa na 5-0 na Al Ahly kule Misri, kisha 4-1 na TP Mazembe kwenye robo. Mwaka 2021 Kaizer Chiefs walitupiga 4-0, tukarudi tukawafunga 3-0, tukatoka kwa bao moja. Hesabu ile inaniuma mpaka leo. Kocha Fadlu Davids alikuwa amerekebisha mengi, na 0-0 ya Durban ilikuwa kazi safi: mistari imekaribiana, viungo hawakimbilii mpira wa pili wote kwa pamoja, beki wa pembeni hapandi mpaka mwenzake wa upande wa pili amebaki. Berkane hatukuyaona hayo mpaka nusu saa imepita. Timu inayokwenda ugenini inapaswa kuzichukulia dakika 20 za kwanza kama mechi yake ndogo, yenye lengo moja: isomeke sifuri. Kupiga mipira mirefu dakika hizo si aibu, wala kipa kuchelewesha mpira. Kauli mbiu yetu ya nyumbani, niseme ukweli ninavyouona, imetuzoesha kwenda ugenini tukiwa na mawazo kwamba kuna siku ya kurekebisha.

Tena kuna siasa ya mpira, ambayo vijiweni huwa tunaipita juu juu. RS Berkane ni klabu ya mji usio mkubwa, lakini aliyewahi kuwa rais wake, Fouzi Lekjaa, ndiye rais wa shirikisho la soka la Morocco tangu 2014, na ni waziri anayeshughulikia bajeti ya nchi hiyo. Wenzetu wameweka viwanja, vituo vya vijana na watu wao kwenye meza za maamuzi kwa miaka mingi. Kwetu, tangu 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alianza kuzipa klabu zetu hamasa ya shilingi milioni 5 kwa kila bao kwenye mashindano ya CAF. Wachezaji walifurahi, na sisi tulifurahi. Lakini nilipokuwa nahesabu nauli za boti nilitamani hamasa ile ifike mpaka kwenye mifereji ya maji na nyasi za uwanja. Bao linazawadiwa dakika linapofungwa. Uwanja hauna anayeuzawadia, na uwanja ndio uliotuhamisha.

Turudi kwenye daftari.

Mwenye Kosta alinirudishia 150,000 baada ya mimi na mwenyekiti kwenda kwake mara tatu. Karatasi ilimpa haki ya kubaki na zote, hivyo namshukuru. Boti kwenda na kurudi, kulala, chakula na usafiri wa Dar vilizidi uwezo wa wengi. Kati ya watu 28, 17 walijitoa. Niliwarudishia elfu 20 zao zote ndani ya wiki, kila mmoja akasaini. Hilo nililifanya vizuri na ninalisema kwa sababu ni rahisi: anayejitoa apewe pesa yake kwanza, kabla hujapanga lolote jipya. Tukabaki 11, Babu akiwemo, na sandukuni 70,000.

Hapo akaja mtu. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na kwenye kata yetu walikuwepo kadhaa waliokuwa wanajipanga kutia nia ya udiwani. Mmoja wao, sitamtaja yeye wala chama chake, alinifuata kibandani kwangu nikiwa nashona soli. Alikuwa na 500,000 kwenye bahasha na fulana 30 nyekundu zenye jina lake mgongoni. Akasema ni mapenzi yake tu kwa Mnyama. Nikapokea. Sikuitisha kikao. Nilijiambia muda ni mfupi, na Babu lazima aione fainali.

Fulana zile zilitugawa kabla hatujafika Dar. Wawili kati ya 11 walikataa kuzivaa, na walikuwa na sababu: mmoja ni mwanachama wa chama kingine, mwingine alisema anayevaa jezi ya Simba hanunuliwi. Waliovaa wakawaona wenzao wasaliti. Ndani ya treni ya SGR, ambako tulipaswa kuwa tunaimba, watu walikaa makundi mawili. Tawi letu lina watu wa vyama vyote na wasio na chama. Tumezikana pamoja, tumechangiana harusi, na hatujawahi kuulizana kadi. Mimi ndiye niliyelileta swali lile ndani.

Zanzibar tulifika Jumamosi. Nawaambia watakaokwenda siku nyingine: tiketi ya boti ina jina lako, hivyo nenda na kitambulisho na usinunue ya mtu aliyejitoa ukidhani utapita nayo. Mechi ikianza saa 10 jioni, usitegemee boti ya kurudi siku hiyo hiyo, panga kulala. Nyumba za wageni karibu na Amaan zilijaa mapema. Sisi tuliokolewa na shemeji wa mwenzetu kule Mwanakwerekwe, aliyetandika mikeka sebuleni na kutupikia bila kutuuliza tumelipa nini. Kwa jumla safari ile ilinitoka 148,000 mfukoni kwangu.

Babu alikaa mbele yangu uwanjani. Jezi yake ameivaa juu ya kanzu. Dakika ya 17 Joshua Mutale akafunga, na sehemu yote ile ikaruka kama maji ya moto. Babu hakuruka. Aliinua kidole kimoja, akakitazama, akabaki nacho juu, akisubiri cha pili. Dakika ya 50 Yusuph Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu, na bado tukiwa 10 tulishambulia. Steven Mukwala akauweka mpira wavuni. Tulishakumbatiana na watu tusiowajua wakati mwamuzi alipoitwa na VAR, waamuzi wa video, na bao likafutwa. Kidole cha pili cha Babu kilikuwa kimeshanyanyuka. Nilimwona akikirudisha taratibu. Kwenye dakika za nyongeza Soumaila Sidibe akasawazisha, 1-1, na kwa jumla wakachukua kombe 3-1.

Nililia. Sioni haya kusema. Nililia kwa ajili ya timu iliyopigana pungufu kwa dakika 40, na nililia kwa sababu nilijua mechi ile iliisha dakika ya 14 ya wiki iliyotangulia.

Wiki mbili baadaye mtia nia akaja kudai alichokuwa amekilipia. Aliomba orodha ya wanachama na namba zao za simu, "nijue nimewasaidia kina nani." Waliosafiri walikuwa 11. Mimi nikampigia picha ukurasa wote wa daftari, majina 28 na namba 28, nikamtumia. Ilinichukua sekunde chache. Kabla ya mwezi kuisha watu walianza kupata ujumbe wa kuwaomba kumuunga mkono, ukiwaita kwa majina, ukitaja tawi letu. Wale 17 ambao hawakuvaa hata fulana yake nao walipata.

Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ipo Tume yake. Nilikuja kuisikia kutoka kwa kijana mmoja wa tawi anayesoma chuo, aliyekuja kunieleza kwa heshima, akiniita kaka, kwamba namba ya mtu ni yake na aliiandikisha kwangu kwa ajili ya safari tu. Hakunitishia. Ningependa angenitishia, pengine ningeumia kidogo. Sasa hivi daftari lina ukurasa wa majina na ukurasa wa namba mbali mbali, na namba anazo katibu na mwenyekiti tu. Safari ikiisha ukurasa wa namba tunauchoma mbele ya kikao.

Kikao cha Juni kilikuwa kigumu. Kuna jambo lililosemwa pale ambalo linanirudia. Sisi ni watu tuliobishana miaka yote juu ya mfumo wa klabu: tangu klabu ilipoanza mabadiliko mwaka 2017, mfanyabiashara Mohammed Dewji akiahidi bilioni 20 kwa asilimia 49 ya hisa, tawi letu limekuwa likisema wanachama ni asilimia 51 na lazima tuulizwe, tuoneshwe hesabu, tushirikishwe. Mama mmoja mtu mzima akasimama akasema, "Mwanangu, hapa ndani asilimia 51 ilikuwa ya nani ulipopokea bahasha?" Sikuwa na jibu. Nilisema samahani, nikaomba kujiuzulu. Walinikatalia kujiuzulu mpaka nimalize kulipa deni la Machi, na waliamua kwamba tawi halitapokea tena kitu chenye jina la mgombea, wa chama chochote. Anayetaka kuchangia achangie kama mwanachama, kwa risiti, kiasi kile kile anachochangia mwenzake.

Derby iliyoahirishwa ilikuja kuchezwa Jumatano ya Juni 25. Hatukukodi gari. Tuliiangalia kibandani, tukafungwa 2-0, na Yanga wakachukua ubingwa. Babu hakuja, alisema msimu huo ameshashiba.

Deni la mwisho nililipa katikati ya Julai, kwa dada wa vitumbua, maana yeye mwenyewe alitaka awe wa mwisho. Nilimkuta anafunika ndoo yake. Akahesabu zile 15,000 mara mbili, akajifuta mafuta kwenye khanga ndipo akasaini. Kisha akanionesha simu, ujumbe mwingine umeingia asubuhi ile, unaanza na jina lake.

"Namba yangu bado anayo?"

Nikamwambia anayo, na kwamba sina namna ya kuitoa kwake.

Akatikisa kichwa, akabeba ndoo yake, akaenda.